Sauti Thelathini na Saba

Skuta, Nyeri
9 Februari 2025

Kafia mpendwa,

Nimekupigia tangu Ijumaa na simu yako haiingii. Jana nikaenda dukani kwa binamu yako Muslima hapa mjini, nikamkuta anapanga madera. Akaniambia simu uliizima ukaitia kwenye sanduku la nguo, na mtu akiwa na neno la kukuambia aandike, yeye atalibeba, kwa kuwa kila Jumapili anakuja Nanyuki. Basi naandika. Mara ya mwisho tulipoandikiana vikaratasi ilikuwa bwenini, kitanda chako juu, changu chini.

Habari ya ajali niliisikia redioni nikiwa nakatakata sukuma. Walisema lori limeparamia mbuzi na wachungaji wao barabarani, njia ya kwenda soko jipya la mifugo la Kilima Upepo, na mzee mmoja amevunjika nyonga. Niliendelea kukata. Kisha wakataja jina la Mzee Aden, nikakaa chini palepale jikoni.

Pole sana, Kafia. Mwambie baba yako pole. Siwezi kusahau ile siku ya wazazi kututembelea shuleni, mama yangu aliposhindwa kufika, na mzee akanikatia nyama akasema, "Wewe pia ni msichana yangu, kula." Nilikula nikilia.

Na kwa habari ya soko kuhamishwa, hata mimi imeniuma. Lakini ofisi ya mji ndiyo iliyoamua. Sisi wa kampuni kazi yetu ilikuwa kukusanya maoni ya wananchi kwenye simu na kuyapeleka. Basi.

Nikipata nafasi nitakuja kumwona mzee.

Wako,
Murugi

*

Nanyuki
16 Februari 2025

Murugi, dada yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikimsomea Baba. Alicheka kidogo uliposema habari ya nyama. Ni mara ya kwanza kucheka tangu ajali. Amelala chali, hawezi kugeuka bila watu wawili, na daktari amesema miezi, sio wiki. Mbuzi kumi na wanne walikufa palepale. Yeye haulizi mbuzi, anauliza kama yule dereva alipona. Alipona.

Umesema nyinyi ndio mlikusanya maoni. Mungu amekuleta. Niko na swali na sina mtu mwingine wa kumwuliza.

Lile grupu la WhatsApp lenu, Toa Maoni, tuliingia. Walisema kila mtu wa mji aseme vile anaona kuhusu soko kuhamishwa, na atasikizwa sawa na yule anaenda ukumbini. Wazee wetu wengi hawana simu ya kuingia mtandao, na kuandika ni shida. Kwa hivyo tulikaa nyuma ya mizani ya mifugo, siku mbili za soko, na simu ya Abdimalik, yule dalali. Mmoja mmoja akaja, akashika simu, akasema yake kwa Kisomali, tukatuma. Sauti thelathini na saba, Murugi. Kuna mama alivaa nguo ya Idi kuja kusema kwa simu.

Halafu ripoti ikatoka, ikabandikwa mlangoni pa ofisi. Mwalimu mmoja akatusomea: "Wafanyabiashara wa mifugo hawakutoa maoni yoyote. Kimya chao kimechukuliwa kuwa ni kukubali."

Abdimalik akanionyesha kitu. Ukibonyeza sauti uliyotuma kwenye grupu, simu inakutajia nani aliisikiliza. Watu wetu wamo. Kutoka kwenu hakuna. Hata moja, Murugi. Na aliyekuwa akiendesha grupu alikuwa akiitwa Msimamizi wa Pili.

Unamjua huyo mtu? Niambie tu ni nani. Sitaki kumpiga. Nataka kumwuliza.

Kafia

*

Skuta
25 Februari 2025

Kafia mpendwa,

Nimefurahi kusikia mzee amecheka.

Nimeuliza ofisini. Msimamizi wa Pili ni laini ya kampuni, hushikwa na watu tofauti kulingana na zamu. Nimeelezwa kwamba mtambo ulikuwa na hitilafu katika wiki zile mbili, na sauti ndefu hazikuingia vizuri. Ni jambo la kusikitisha, lakini mitambo ndivyo ilivyo.

Ningekuwa wewe nisingejisumbua sana kutafuta mtu mmoja wa kulaumiwa. Mwangalie mzee, ndilo kubwa kwa sasa.

Nimempa Muslima majani ya chai ya Kangari, mjomba wangu aliniletea. Mchemshie mzee.

Wako,
Murugi

*

Nanyuki
9 Machi 2025

Murugi,

Chai imefika, asante. Tunafungulia nayo, maana tumeshaanza Ramadhani.

Nilibeba barua yako mpaka Kilima Upepo siku ya soko nikawasomea wazee ile sehemu ya mtambo. Upepo huko ni mwingi mpaka ilibidi nipige kelele. Hakuna mti, hakuna maji, ng'ombe wanasimama na ulimi nje. Nikamaliza. Abdimalik akaniuliza, "Hiyo imeandikwa na nani?" Nikamwambia ni rafiki yangu, anafanya kazi kwa hiyo kampuni. Akawageukia wengine akasema, "Mmesikia? Ako na rafiki huko."

Sasa nitakuambia kitu sijamwambia mtu. Mwezi wa kumi, siku ile ya mkutano wa ukumbini, wazee walikuwa wamevaa tayari kwenda. Mimi ndiye niliwazuia. Niliwaambia ukumbini wataongeleshwa Kiingereza, watawekwa nyuma, na wameshatuma sauti zao, kwa nini wapoteze siku ya soko? Nilijiona mimi nimesoma. Baba peke yake alisema, "Kafia, mtu akitaka kukataa jambo, aende aonekane uso." Nikamwambia, "Baba, hiyo ni ya zamani." Akavua kanzu akarudi kwa mbuzi wake.

Hakuna mtu wetu aliyeenda. Na sasa wanasema nilipewa kitu. Ati mji ulininunua niwaweke nyumbani. Mama Abdimalik, ambaye amenilea, jana alichukua maziwa kwa mtu mwingine badala ya kwangu, akapita mlangoni kwangu akiangalia chini. Baba hajasikia haya, na mimi ni mmoja wa wale wawili wanamgeuza kitandani, Murugi. Kila nikimgeuza naona uso wake ukijikaza asilie mbele yangu, na mimi najua ni nani alimvua ile kanzu.

Nakuomba hivi. Andika tena, lakini kwa karatasi ya kampuni, na muhuri, useme ni mtambo. Muhuri wataamini. Nitawasomea, na mimi nitaweza kupita sokoni kama mtu.

Kafia

*

Skuta
21 Machi 2025

Kafia,

Ile barua ya muhuri niliiandika. Usiseme sikuiandika. Niliipiga chapa Jumatatu wakati wa chakula wenzangu wakiwa nje, nikagonga muhuri, nikaitia kwenye bahasha, nikampelekea Muslima jioni.

Hakuipokea. Aliniangalia, akaniuliza, "Hizo sauti ziko wapi sasa?" Nikamwambia sijui, mtambo. Akasema, "Simu ya kazi iko nawe?" Ilikuwa mkononi. Akaichukua mwenyewe, akafungua lile grupu, akapandisha na kidole hadi mwezi wa kumi, na sauti zikawa pale, zote, zimejipanga kama zilivyotumwa. Hakuna mtambo, Kafia. Hapakuwa na hitilafu yoyote. Msimamizi wa Pili ni mimi. Laini haishikwi na watu tofauti. Inakaa mkobani mwangu, pamoja na funguo zangu.

Muslima akafunga mlango wa duka. Tukasikiliza zote. Yeye alikuwa akitafsiri, na mimi niliandika kwa sababu sikujua mikono yangu niifanyie nini. Walisema mambo ambayo mtu yeyote angetaka kuyajua kabla ya kuhamisha soko. Kwamba kisima cha kule ni cha chumvi. Kwamba wanawake wanaouza maziwa watafika jua likiwa limeshayachachisha. Mmoja alipendekeza mahali pengine kabisa, karibu na mto, akataja hadi mwenye shamba.

Ya kumi na mbili ni ya baba yako. Anasema barabara ile ina kona na haina pembeni pa kupitisha mifugo, na lori zikitoka kwenye machimbo hushuka bila breki, na kwamba watu watagongwa. Alisema hivyo, watu watagongwa. Halafu unasikia mbuzi, kisha anasema kwa Kiswahili: "Nimesema na lugha yangu ndio niseme vizuri. Wewe unasikiza, kama haujaelewa, piga hii namba. Nitarudia pole pole."

Muslima alizima simu. Halafu akasema, "Utaandika wewe au nitaenda kusema mimi?" Kwa hiyo usidhani barua hii ni ya ujasiri wangu. Ningeweza, ningekutumia ile ya muhuri.

Utataka kujua kwa nini. Mimi pia nimejiuliza. Jumbe zilikuwa zaidi ya elfu mbili, matusi mengi, picha za biashara, na ripoti ilitakiwa Jumatatu. Niliziona sauti zikiingia. Nilijua ni watu wa soko lenu. Nilituma moja kwenye simu yangu nyingine, nikaisikiliza huko sekunde mbili hivi, nikasikia ni Kisomali, nikaifunga. Niliwaza, nimpigie Kafia anitafsirie. Nikaona itanichukua siku nzima, na pia bosi wangu, Bwana Kingori, angeona nimeshindwa na kazi niliyosema naiweza. Nikaendelea na zile zilizoandikwa. Yeye aliniambia tu, "Fupisha." Hakuniambia niandike kwamba wamekubali. Ile sentensi ya kimya ni yangu. Niliiona inasomeka vizuri.

Unasema unaona uso wa baba yako. Kafia, hukumvua kanzu wewe. Uliwaambia watasikilizwa kwa sababu sisi tuliwaahidi hivyo, na mwenye kuahidi nilikuwa mimi, nikiandika kila asubuhi kwenye lile grupu: "Maoni yako ni muhimu."

Msomee yeyote barua hii. Nimetia sahihi yangu yote.

Murugi Ngatia

*

Nanyuki
30 Machi 2025

Murugi,

Nimewasomea. Yote, bila kuruka. Abdimalik alikuwa amesimama, akakaa. Mama yake alikuja akanishika mkono. Ni hapo nililia, lakini si kwa furaha, kwa sababu waliniamini kwa barua yako na si kwa maneno yangu.

Halafu nikawaambia na yangu, kwamba hata bila wewe, mimi ndiye nilisema wasiende ukumbini. Mzee mmoja akasema, "Hiyo tulijua, tulikuwa tukingoja uiseme."

Baba nikamsomea nyumbani. Aliniambia nirudie pale pa namba kumi na mbili. Nikarudia. Akageuza uso ukutani.

Kesho tunategemea Idi. Usije. Usitume kitu na Muslima. Haya uliyoniandikia mimi hayanisaidii, Murugi. Ripoti sikuandikiwa mimi. Waandikie wale walioisoma wakatuhamisha.

Kafia

*

Wang'uru
4 Mei 2025

Kafia,

Najua ulisema nisitume kitu. Barua hii ni ya wazee zaidi kuliko yako, nawe unaweza kumpa Abdimalik bila kuisoma.

Niliandika. Sauti zote thelathini na saba, kwa Kiswahili, Muslima akizitafsiri na mimi nikipiga chapa, jioni tisa dukani kwake. Juu yake niliweka karatasi moja inayosema nilifanya nini. Nilimpelekea Bwana Kingori kwanza, maana sikutaka asikie kwa watu. Alisoma ukurasa wa kwanza, akauweka chini.

"Murugi, hii ukiipeleka, hakuna mji utatupa kazi tena."

"Najua."

"Watu ishirini wanakula hapa. Umefikiria hao?"

Nilikuwa nimewafikiria. Ngendo wa mapokezi ana mtoto anayeanza shule. Nilimwambia kwamba kuna mzee amelala chali Nanyuki. Akasema, "Huyo hukumgonga wewe." Niliinua karatasi zangu nikaenda nazo ofisi ya mji, na nilipotoka, nilikuta laini ya kazi imeshafungwa.

Sasa niko kwa dada yangu Beth huku Mwea. Namsaidia kupima mchele sokoni. Hajui kwa nini niliacha kazi. Nimemwambia mkataba uliisha. Unaona? Hata baada ya haya yote bado naweza kusema uongo huku nikiendelea kupima mchele. Nitamwambia. Nakuandikia ili nisiweze kurudi nyuma.

Ofisi ya mji imeniita. Wataketi upya na watu tarehe 22 Mei, saa nne, pale soko la zamani, ndani ya zizi la mnada, na kutakuwa na mkalimani. Wamenitaka niseme mwenyewe nilichoandika. Nitakuja, kwa sababu nimeitwa. Sitakuja kwenu nyumbani. Sikutazamii uniongeleshe.

Murugi

*

Nanyuki
26 Mei 2025

Murugi,

Uliondoka kabla haijaisha. Nilikuona ukipita kwa lile pengo la ng'ombe, umeshika viatu mkononi kwa sababu ya matope. Kwa hivyo kuna mambo haukusikia.

Uliposema, "Sikusikiliza, kisha nikaandika kwamba hamkusema," mkalimani alisimama. Alikuuliza urudie, akidhani amekosea. Ukarudia. Hapo ndipo kelele zikaanza. Najua walikutukana, na yule kijana aliyesema ungekuwa wewe chini ya lori, ni mtoto wa shangazi yangu. Wewe ukasimama tu. Halafu ulisema asante ukaketi kwa nyasi nyuma kabisa, na baadaye ukaenda.

Ulipokwenda, Baba aliomba ainuliwe. Alikuwa amekuja na magongo, na watu wawili wakimshika makwapani. Wale wa ofisi wakamwambia anaweza kusema akiwa ameketi. Akakataa. Alisema barabara ni ileile aliyosema mwaka jana, hana jipya la kuongeza, isipokuwa sasa ako na ushahidi, akagonga nyonga yake. Watu wakacheka, na yeye akacheka. Halafu akasema, "Huyu msichana amekuja kusema mbele ya watu vile alifanya. Yeye alikuwa mmoja. Ile karatasi ya ripoti ilisainiwa na watu sita. Wale watano wako wapi?" Yule bwana wa katikati, mwenye tai, aliangalia kalamu yake. Baba hakuketi, Murugi. Alingoja. Alingoja mpaka yule bwana akasema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye alisaini bila kuuliza.

Soko limerudi pale pa zamani. Si kwa daima. Wamesema ni mpaka wapime ile ardhi ya karibu na mto, na wamechagua watu wa kwenda kuipima nao, Abdimalik mmoja, mimi mmoja. Lile grupu la simu litafunguliwa tena, lakini kila siku ya soko karani atakaa kwa meza akiandika kwa mkono, na kila jioni atasomea watu kile ameandika, wamwambie kama ndicho walisema. Hilo nilipendekeza mimi. Tutaona kama watafanya.

Daktari amesema Baba hatatembea tena bila gongo. Sikukuambia hilo ili uumie. Nimekuambia kwa sababu ni kweli, na mimi na wewe tumeshaona kinachotokea tukifichana.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu.

Ulipofika asubuhi ile, ulitafuta mahali pa kukaa. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Karibu na mimi kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Uliangalia pale. Hukuniangalia mimi, uliangalia pale tu, kama mtu anayeomba bila mdomo. Na mimi nikachukua mkoba wangu kwa magoti, nikauweka hapo. Polepole, ndio uone. Mkoba haukuwa na kitu ndani. Ukaenda kukaa nyasini, na nyasi zilikuwa na maji.

Kutoka siku hiyo sijalala vizuri. Nilikuwa na haki ya kukasirika, bado niko nayo. Lakini nilikaa pale nikisikiliza watu wetu wakiomba wasikizwe, na mtu wa kwanza kuja kuongea na mimi nikamfungia benchi na mkoba. Baba aliona. Tulipofika mlangoni aliniuliza tu, "Kulikuwa na nini ndani ya mkoba, Kafia?"

Sijui kama nimekusamehe. Nikisema ndiyo nitakuwa naandika kitu kwa sababu kinasomeka vizuri. Lakini nimechoka na karatasi. Kwa karatasi mtu anachagua, anafuta, anaanza upya, na mwenzake anaona tu kile kilibaki.

Hii usiijibu. Chukua gari Jumamosi, ushuke hapa, uniambie mdomoni, na mimi nikuambie.

Kafia